Perere na Panya Buku wa Loresho

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliondoka Riruta asubuhi moja, shoka na msumeno vikiwa nyuma ya baiskeli. Mama Wambui wa Loresho alitaka nimwangushie mti mzee wenye pango. Kila usiku kitu kilipiga mayowe humo, naye alisema ni panya.

Saa tatu nilifika. Panya buku mmoja, mkubwa karibu kama paka, alikuwa amekufa mtegoni ghalani.

"Fundi, wenzake wako huko mtini," Mama Wambui akasema.

Nilipanda, nikazungushia mkono gunia, nikautia pangoni. Nilitoa mnyama wa manyoya mazito ya kahawia. Hakuwa na mkia, na kucha zake zilifanana na vikwato vidogo.

"Mama, nipe mpaka jioni. Nataka kujua ni mnyama gani huyu ninayemvunjia nyumba."

"Ukichelewa nitaita fundi mwingine."

Adhuhuri nilikuwa makumbusho, karibu na katikati ya jiji, yule wa mtini akiwa hai guniani, panya buku nimemfunga kwa gazeti. Mhifadhi, bwana wa makamo, alianza na yule mfu.

"Panya buku, jamii ya wagugunaji. Huchimba shimo, hula karibu chochote, huzaa sana. Hata tukijenga mpaka Limuru, atakuwapo."

"Na huyu wa guniani?"

"Perere. Hana undugu na panya. Ndugu zake wa karibu ni ndovu na nguva."

Nikacheka. Yeye hakucheka, alinionyesha meno mawili ya juu ya perere, yamechongoka kama pembe changa za ndovu.

"Perere bado wapo hapa jijini," akasema, "lakini huyu hulala kwenye mapango ya miti. Ukiukata mti wake, hatahamia ghalani kama panya; atakosa pa kuishi."

Saa kumi nilikuwa tena Loresho, jasho likinitoka. Mama Wambui hakuamini habari ya ndovu. Aliinama, akautazama mguu uliochomoza guniani, akazigusa zile kucha kama vikwato.

"Nikiuacha mti, kelele zitaisha?"

"Hazitaisha, mama."

"Basi kata tawi lililoegemea paa. Shina liache."

Nilifungua gunia. Perere akapanda mbio, akazama pangoni bila kugeuka.

Siku ile nilijua kwamba viumbe wawili wanaweza kufanana na wasiwe na undugu wowote. Na mmoja akastahimili shoka langu, mwingine asilistahimili. Sasa sikati mti mzee kabla sijaupanda na kuchungulia ndani.