Skonzi za Maziwa ya Jirani

Skonzi za sufuria huiva kwa moto wa juu. Hilo nilijifunza kwa kuunguza, maana hakuna aliyenifundisha. Nyumba yetu ya Kiplombe haikuwa na oveni, kwa hiyo nilitumia sufuria pana, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya kifuniko. Ukikosea hapo, zinaungua chini na juu zinabaki mbichi. Ijumaa jioni nilikanda unga na kuufunika kwa blanketi, kwa sababu baridi ya huku huilaza hamira. Jumamosi watoto waliamshwa na harufu.

Sikukandia maji. Nilikandia mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Yalitoka kwa jirani wa ng'ambo ya ua, mwanamke wa umri wa mama yangu, ambaye watu wake walikuwa wenyeji tangu zamani. Sisi tuliitwa wageni, ingawa mimi nilizaliwa upande wa Soy na baba yangu amezikwa huko. Ule mkaa uliacha chembe za kijivu ndani ya skonzi na ladha ya moshi kwa mbali. Mtu asiyezoea alidhani ni uchafu.

Sahani ya kwanza ilienda ng'ambo ya ua. Mama yangu, mjane aliyekuwa akiishi nasi, aliipeleka mwenyewe kupitia upenyo uliokuwa kwenye michongoma. Yeye na rafiki yake walizungumza Kiswahili cha kuokoteza, kila mmoja akichomeka neno la kwao pale alipokwama, na walikaa mpaka jua likawa kali. Mume wa jirani alinitania kutoka zizini.

"Wewe kijana, ukioa bibi ya pili atafanya kazi gani? Jikoni umejaa wewe!"

"Atakuja kukamua ng'ombe zako, Mzee."

"Hapana! Aanze na kutoa samadi!"

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na sisi tulioitwa wageni tukaanza kufukuzwa. Nyumba yetu ilichomwa mchana, watu wakiona. Tulikimbia na nguo za mwilini, mke wangu akiwa na mtoto mgongoni. Baadaye, katika kambi ya waliofukuzwa, mama alisema alimwona kijana wa kiume wa yule jirani miongoni mwa waliokuwa barabarani siku ile. Nilimuuliza zaidi ya mara moja na jibu halikubadilika: alikuwa amesimama tu, mikono mitupu. Hatujui zaidi ya hapo. Kwa mke wangu, hilo lilitosha.

Mama hakuililia nyumba. Alimwulizia rafiki yake kwa kila aliyetoka upande wa kwetu. Tuliporudi na kujenga chumba cha mabati, upenyo ulikuwa umezibwa kwa waya, na salamu zilitolewa kwa mbali, kwa kuinua mkono. Mama alivumilia kwa miezi, kisha akaniambia, "Nataka kukaa na yeye tena kabla sijafa. Oka, tumpelekee."

Mke wangu alikuwa akisikia. "Oka, Baba watoto. Lakini maziwa ya nyumba ile hayataingia midomoni mwa watoto wangu."

Sikubishana naye. Nilinunua dukani maziwa lala, yale ya mgando, ya paketi.

Jumamosi hiyo mimi na mama tulizunguka kwa barabara na kuingia kwa lango, kama watu waliokuja kuuliza njia. Jirani alimshika mama mikono yote miwili na hakuiachia haraka. Tulipewa viti nje. Nilifunua kitambaa, naye akanyoosha mkono kuchukua. Mumewe akaweka kiganja chake juu ya sahani.

"Onja kwanza," akaniambia.

Desturi hiyo kila mtu huku anaijua. Anayemletea chakula mtu asiyemwamini hukionja mbele yake, kuonyesha kwamba hakina sumu. Katika Jumamosi zote tulizowahi kula pamoja, neno hilo halikuwa limetamkwa kati ya nyumba zetu. Nilimega moja, nikatafuna, nikameza. Mzee alinitazama kooni mpaka nilipomaliza, ndipo akaondoa mkono.

Jirani alichukua moja akaipasua. Hakuila. Aliiinamia, akaigeuza upande wa mwanga. Ndani ilikuwa nyeupe pe.

"Hii si maziwa yangu," akasema.

"Ni ya duka, Mama."

"Kwa nini ya duka? Ng'ombe zangu zimekufa?"

Nilianza kukunja kile kitambaa. Mzee akacheka, lakini si kile kicheko cha zizini. "Mmeona? Mnanikasirikia nikisema onja, na nyinyi mlituogopa tangu dukani."

Nilikuwa nimekasirika kwa kuonjeshwa, na sasa hasira ile haikuwa na pa kwenda. Jirani alivikutanisha vile vipande viwili, akavirudisha kwenye sahani kana kwamba skonzi haikuwa imeguswa. Chai haikuletwa.

Nyumbani mama alimwambia mke wangu waziwazi, "Umenifungia mlango."

"Nisamehe, Mama," mke wangu akajibu. "Mimi nilipita kwenye moto ule na mtoto mgongoni. Siwezi kujaribu bahati kwa kikombe."

Hakuna aliyekuwa akisema uongo. Ndiyo maana sikuweza kuwasuluhisha.

Ijumaa iliyofuata mama alitoka peke yake, akazunguka kwa barabara, akarudi na kibuyu. Alijimiminia kikombe hapo mezani, akanywa mpaka mwisho, akajifuta mdomo kwa khanga.

"Nimeonja," akasema. "Sasa kanda."

Mke wangu aliwachukua watoto akatoka nao nje.

Tangu hapo naoka kwa sufuria mbili. Moja ni ya maziwa ya paketi, ya mke wangu na watoto. Nyingine ni ya mursik, ya mama na rafiki yake. Mimi hula za sufuria zote mbili, na hakuna upande ulionishukuru kwa hilo. Mama hufunga zake kwa kitambaa na kwenda. Mzee bado humwambia aonje. Nilimuuliza mama kama haimuumi.

"Akisema nionje, naonja," alinijibu. "Meno si yangu? Nikimaliza anaenda kwa ng'ombe wake, anatuacha tukae."

Kitindamimba wetu, msichana, alizaliwa baada ya kurudi. Hajawahi kuona moto wala kambi, na sisi hatujamsimulia. Jumamosi moja mama alirudi kutoka kwa rafiki yake akiwa amechangamka, na skonzi moja imebaki ndani ya kitambaa. Aliimega, akampa mtoto kipande chenye chembe za kijivu.

"Shika, mama yangu. Bado iko na joto."

Mtoto akanyoosha mkono. Kabla haujafika, aligeuka kumtazama mama yake, aliyekuwa akiosha vyombo. Mke wangu aliendelea kusugua sufuria. Mkono wa mtoto ukashuka wenyewe.

"Nimeshiba, shosho," akamwambia nyanya yake, kwa adabu kabisa.

Mama aliweka kitambaa mezani, kile kipande kikiwa bado mkononi. Kisha akakila mwenyewe, akiwa amesimama, mpaka kikaisha.