Kifaransa cha Mama wa Kinu

Phelista Nekesa alikuwa amewasagia watu wa Matisi, Kitale, mahindi kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyewahi kumsikia akisema tafadhali. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Mjane asiye na kitu alisagiwa bure, ila alisagiwa huku akigombezwa. "Leta debe. Si hapo, hapa! Ati hujapepeta? Unataka kuniharibia mashine?" Mumewe Kipkemei, mtu mpole wa Endebess aliyefuga ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, alikuwa ameshazoea kuitwa mezani kwa neno moja: "Chakula."

Mwaka jana, mwezi wa pili, binti yao Chemutai, ambaye ni muuguzi huko Kigali, alipiga simu. Alikuwa amepata mchumba, Murhula, kijana wa Bukavu, Kongo. Wazazi wa Murhula wangefika Kitale mwezi wa nne kujitambulisha.

"Mama, hao ni watu wa heshima sana. Wanaongea Kifaransa na—"

"Kifaransa? Basi nitajifunza. Unadhani siwezi?" Nekesa akakata simu.

Mtu pekee aliyemjua mwenye Kifaransa alikuwa kwao Bungoma: mzee Wakhungu, jirani wa wazazi wake, aliyeendesha lori la mizigo kutoka Mombasa hadi Bujumbura kwa miaka ishirini na miwili. Nekesa akamwendea Jumamosi na mfuko wa unga.

"Mzee, sitaki mambo mengi. Nifundishe adabu tu."

"Adabu ndiyo Kifaransa chote ninajua," Wakhungu akajibu, na hakuwa anatania.

Kwa wiki saba mfululizo Nekesa alifunga kinu kila Jumamosi na kwenda Bungoma na daftari lake. Aliandika jinsi alivyosikia: bonju ya salamu, mersi boku ya asante sana, silvuple ya tafadhali, padon ya samahani. Maneno hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni mwili. Wakhungu alimtaka ainamishe kichwa, afungue viganja vyote viwili na atabasamu.

"Shusha mabega, Nekesa. Sema pore pore. Ukisema hivyo kama unafukuza ng'ombe, bana, hutapita."

"Nitapita wapi?"

"Popote," mzee akasema. Kisha akampa neno alilokuwa amemwekea kwa ajili ya wakubwa. "Mwambie *mon komanda*. Mtu mkubwa akisikia hiyo, moyo yake inarainika."

Nyumbani alifanya mazoezi. Jioni ya kwanza aliposema, "Silvuple, chakula," Kipkemei aliweka ndoo ya maziwa chini akatazama sufuria, akidhani hilo ni jina la mboga. Kufikia wiki ya tatu alikuwa ananyoa ndevu kabla ya kuingia mezani. Hakuuliza maana ya maneno hayo. Aliogopa kwamba akiuliza, yataisha.

Kinuni mambo yalikwenda vingine. Nekesa alipomwambia Jerono, mteja wake wa miaka mingi, "Silvuple, sogeza debe," huku ametabasamu na kufungua viganja, Jerono alichukua mahindi yake akaenda nayo moja kwa moja kwa mchungaji.

"Amenitusi," alishtaki. "Na kwa lugha yenye hata sijui nitamjibu aje."

Mchungaji alifika kinuni mwenyewe. "Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tafadhali."

"Si ungesema tu tafadhali?"

Nekesa alimtazama kama aliyeambiwa atoke nje bila viatu. "Mimi? Hiyo ni ya kuomba-omba, mchungaji."

Mwezi wa nne, Jumapili baada ya ibada, Chemutai aliwaleta wageni. Mzee Bisimwa, baba yake Murhula, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, amevaa suti ya kijivu na kofia. Mkewe, Mama Furaha, alikuwa amejifunga kitenge cha samawati. Nekesa aliwangoja langoni. Alishusha mabega, akainama, akafungua viganja.

"Bonju! Padon, mon komanda. Padon, silvuple, mon komanda!"

Mzee Bisimwa alisimama ghafla. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa koti, akatoa kitambulisho. Alikuwa amekinyoosha tayari alipotanabahi yuko wapi, akaanza kucheka hadi kofia ikaanguka.

"Mama, aksanti kwa kutupokea," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Lakini maneno ile tunasemaka barabarani, wakati askari anatusimamisha."

Mama Furaha aliinama naye. "Mama, tunaomba ruhusa ya kuingia kwako. Utusamehe kwa kukuchosha."

Nekesa alimgeukia binti yake. "Mbona hukuniambia wanajua Kiswahili?"

"Mama, si ulikata simu."

"Ungepiga tena!"

"Nilipiga. Ukasema uko bize na Kifaransa."

Wageni walikuwa bado wamesimama wakingoja kujibiwa. Nekesa alitafuta jibu, akagundua kwamba katika Kiswahili hakuwa na akiba. "Karibuni," alisema. "Tafadhali. Na mnisamehe." Nyuma yake Kipkemei, ambaye kwa mara ya kwanza alielewa kila neno, aliwaomba wageni radhi akaenda kuangalia ng'ombe wasiohitaji kuangaliwa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, na harusi ikafanyika Bukavu mwezi wa nane. Huko ukumbini, mshereheshaji alizungumza Kifaransa kuanzia sala ya kufungua, ingawa kila aliyeketi alikuwa akipiga soga kwa Kiswahili.

"Anasema nini?" Nekesa alimnong'oneza Mama Furaha.

"Sijue yote, mama. Anapenda watu wajue alisoma."

Saa nzima ikapita. Mshereheshaji alipotua kidogo anywe maji, Nekesa alisimama, akashusha mabega, akafungua viganja na kusema kwa sauti iliyojaa ukumbi, "Mersi boku!" Watu wakapiga makofi, wakidhani imepangwa.

"Umemwambia nini?" Kipkemei akauliza alipoketi.

"Nimemwambia anyamaze."

Yule bwana aliinama, akamrudishia shukrani, akaweka kipaza sauti chini, na chakula kikaletwa.