Matangazo Mbele ya Baba Mkwe

Nilipoolewa nilimkuta baba mkwe wangu akifundisha Kiarabu hapa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa na sanduku la vitabu, na ndani ya sanduku hilo alikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote: kitabu chembamba cha sarufi alichosomeshwa na mwalimu wake mwenyewe tangu ana miaka tisa, naye akaja kuwasomesha wengine kwa miaka isiyopungua arobaini.

Tulipokimbia mji kwa sababu ya vita tulibeba watoto, sufuria mbili na vyeti vya kuzaliwa. Sanduku lilibaki. Tuliporudi tukakuta kuta zimesimama, paa hakuna, sanduku hakuna. Mzee akazunguka chumba kizima, akagusa ukuta, akasema, "Alhamdulillahi, kuta zipo." Lakini wiki zile za mwanzo nilimwona mara nyingi amekaa peke yake, kidole kinatembea hewani kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayefuata mstari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na simu yangu ni ya kazi: ujumbe wa direkta, mkuu wetu wa shule, maswali ya mitihani, picha za fomu. Siku moja baada ya chakula cha mchana nikamwambia, "Baba, hebu nitajie jina la kile kitabu, herufi kwa herufi." Akanitajia. Nikaandika, nikakosea, akanisahihisha, nikaandika tena. Mara ya tatu kikatokea. Kulikuwa na tovuti ya vitabu vya zamani, na mtu fulani alikuwa amekipiga picha kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa.

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Ndicho," akasema. "Ndicho chenyewe. Hata kosa la chapa la ukurasa wa tatu lipo."

Kuanzia siku hiyo akaamua kukinakili kwa mkono. Baba mkwe wangu anajisifu kwa mambo mawili, pilau ya marehemu mkewe na mwandiko wake, na la pili hamwachii mtu nafasi ya kubisha. Alinunua madaftari makubwa na kalamu nyeusi. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilimpa simu, akakaa kwenye meza ndogo ya chumba cha mbele na kuandika mpaka karibu na magharibi.

Tabu ikawa matangazo. Ile tovuti ilijaa matangazo kuliko maandishi. Juu viatu, chini michezo ya kubahatisha, katikati dawa za kunenepa na dawa za kukonda. Ukurasa ulikuwa ukiruka wenyewe, kidole cha mzee kikiwa kimeshashuka, na anapotaka kugusa mstari wa pili anajikuta kwenye duka la majokofu. "Nimegusa nini tena?" alikuwa akiuliza, na sauti yake ilinihuzunisha, kwa sababu alidhani kosa ni lake. Siku nyingine alinifuata mpaka jikoni.

"Mwanangu, wameniuliza kama nimekubali zawadi. Nimewajibu ndiyo. Haikuwa adabu kukataa."

Ilinichukua jioni nzima kuiondoa ile zawadi kwenye simu.

Kisha ikaja siku yenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, namwonyesha namna ya kukuza maandishi. Ukurasa ukatikisika, ukafunikwa, na kioo kizima kikajaa mwanamke anayetangaza nguo za ndani, amezivaa. Baba mkwe na mkaza mwanawe, sisi wawili, mbele ya picha ile! Mzee akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Mimi nikatazama kuku nje kana kwamba sijawahi kuona kuku. Baadaye akanirudishia simu kwa mkono ulionyooka.

"Chukua, mwanangu. Macho yamechoka."

Kesho yake hakuiomba. Wala kesho kutwa. Madaftari yakakaa juu ya meza, kalamu juu yake, na mimi nisingeweza kumwuliza. Kwetu mkwe hamzungumzii mkwe mambo kama hayo. Tulikuwa tukisalimiana, "Shikamoo baba," "Marahaba," na kila mmoja anakwepa macho ya mwenzake.

Bahati nzuri wifi yangu akawasili. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, anafanya biashara ya kanga na vitenge kutoka Mtwara, anavuka mto Rovuma mara kwa mara na marobota yake. Nikamvuta uani nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo baba anakuonea haya wewe, wewe unamwonea haya baba, na mwanamke wa kwenye simu hamwonei haya mtu yeyote!"

"Wifi, usicheke. Ameacha kuandika."

Hapo akaacha kucheka. Akaniambia kwamba Mtwara watu wanaweka programu za kuzuia matangazo. Nikamwuliza ipi nzuri.

"Kila mtu anasifia yake. Tuzijaribu wenyewe."

Basi tukazijaribu, karibu wiki mbili, mimi na yeye juu ya mkeka uani, kwenye kona inayoshika mtandao vizuri. Tulikuwa na simu mbili, yake na yangu, na tulifungua ukurasa uleule kwa wakati mmoja: simu moja na kizuizi, nyingine bila. Nilileta daftari la shule nikachora mistari kama ninavyowachorea watoto: kasi, chaji, megas za intaneti, na aibu. Wifi ndiye aliyetaka safu ya aibu.

Ya kwanza ilikuwa na nyota nyingi na sifa nyingi kutoka kwa watu waliokwisha kuitumia. Matangazo iliyazuia kweli. Lakini ilitaka intaneti yote ya simu ipite ndani yake kwanza, kisha ikaomba kusoma majina ya watu tuliowahifadhi.

"Ya nini?" wifi akaiuliza simu. "Wateja wangu wanakuhusu nini?"

Hatujamaliza chai, chaji imeshuka mpaka simu imepata moto mkononi. Na kila tukiifungua, programu hiyo ya kuzuia matangazo inatuonyesha tangazo lake yenyewe kwanza. Wifi akaifuta kwa kidole kama anayefuta kamasi.

Ya pili haikuwa programu hata kidogo. Unaingia kwenye mipangilio ya simu, unaandika anwani moja fupi, na kuanzia hapo simu inakataa kwenda kwenye milango inayojulikana kuwa ya matangazo. Hii niliipenda. Haikula chaji, haikuomba jina la mtu, na iliyanyamazisha hata matangazo ya ndani ya mchezo wa watoto. Lakini mtandao wetu unajulikana. Ukilegea kidogo, simu ilikuwa ikisema hakuna intaneti kabisa, nasi hatujui kama mnara umelala au ile anwani ndiyo imekwama. Mara mbili nilikosa ujumbe wa direkta. Mzee angeyaweza vipi mambo hayo peke yake, nikiwa jikoni?

Ya tatu ilikuwa kivinjari kingine, chenye kizuizi ndani yake. Unakifungua kama unavyofungua kivinjari chochote, hakuna la kuongeza. Tulipoweka simu zetu mbili sambamba, yangu ilikuwa imeshatulia wakati ya wifi bado inapakia viatu na majokofu. Megas nazo zikadumu. Kifurushi changu cha wiki, kilichozoea kuisha kabla ya Alhamisi, kilifika Jumamosi bado kinapumua.

"Hii ndiyo," nikasema. Kumkabidhi mzee akajitolea wifi, kwa kuwa binti ana ruhusa mkaza mwana asiyokuwa nayo.

"Baba," akamwambia, "simu tumeifua."

Mzee akainua uso. "Imetakata?"

"Imetakata, imesuuzwa, imeanikwa."

Akaipokea. Akagusa kitabu chake. Ukurasa ukafunguka mweupe pe, hauna tangazo wala herufi.

"Naona," akasema mzee polepole, "safari hii mmefua mpaka kitabu."

Wifi akakimbilia uani na kanga mdomoni. Mimi ilinibidi nibaki. Nikaketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tukaitazama simu pamoja. Ilikuwa hivi: picha za kurasa zilikuwa zinatoka anwani nyingine, si ile ya tovuti, na kivinjari kikazidhania kuwa ni matangazo. Juu kulikuwa na alama ya ngao. Nikaigusa, nikakuta kizuizi kimewekwa kwenye ukali wa juu kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekiweka hivyo kwa hofu. Nikakishusha hatua moja. Kitabu kikarudi. Viatu havikurudi, na yule mwanamke hakurudi.

"Sasa?" nikamwuliza.

Akavaa miwani. "Sasa niache, mwanangu. Nina kurasa nyingi."

Aliandika wiki mbili kwa raha. Aliinuka mara moja tu kulalamika: aliyepiga picha kitabu aliruka ukurasa wa arobaini na moja na wa arobaini na mbili. "Karatasi nzima imemponyoka," akasema kwa dharau ya mwalimu. Mwenyewe hakusumbuka. Kurasa hizo alikuwa nazo kichwani, akaziandika bila kutazama popote.

Kisha siku moja nilitoka jikoni nikamkuta ameiweka simu mbali, mikono mapajani. Kwenye kioo palikuwa na maandishi ya Kiarabu.

"Yanasema nini, baba?"

"Yanasema: tumeona umezuia matangazo. Tovuti hii inaishi kwa matangazo. Tafadhali yaruhusu." Akavua miwani. "Kwa hiyo huyu mtu amenifungulia mlango, na mimi naingia kwa dirisha."

"Lakini baba, mambo wanayoyaonyesha..."

"Si yeye anayeyaonyesha. Yeye amekodisha ukuta wake, wengine wakaja kuuchafua." Akafikiri. "Lakini ukuta ni wake, na kitabu nimekipata kwake."

Siku mbili hakuandika. Nilikasirika kimoyomoyo, nilitamani kumwambia kwamba tovuti haina moyo wa kuumia. Siku ya tatu akaniita. Kwenye meza palikuwa na karatasi tatu safi. Mbili zilikuwa zile kurasa, arobaini na moja na arobaini na mbili, kwa mwandiko wake bora kabisa, vokali zote zimewekwa mahali pake. Ya tatu ilikuwa barua. Alinisomea kwa Kiswahili: amemsalimu mwenye tovuti, amekiri kwamba anazuia matangazo, amemweleza kwa lugha ya heshima kwamba yanaonyesha mambo ambayo mzee na mkwewe hawawezi kuyatazama pamoja, na kwamba fedha za kumpelekea hana njia ya kuzituma. Badala yake anamletea kurasa mbili zilizokosekana. Kama hatosheki na hilo, amwambie, naye ataacha kusoma.

Nikazipiga picha karatasi zote tatu pale kwenye mwanga wa mlango, nikazituma kwa anwani ya barua pepe iliyoandikwa chini ya tovuti. Kusema kweli sikutegemea jibu.

Lilikuja baada ya siku kama kumi. Mzee alilisoma kimya, kisha akacheka, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu kabla ya kukimbia.

"Mwanamke!" akasema. "Mwenye tovuti ni mwanamke. Vitabu vilikuwa vya baba yake. Amefariki, naye ndiye anayevipiga picha kimoja kimoja."

Alikuwa ameandika kwamba si yeye anayeyachagua matangazo hayo, aliona haya aliposikia yalichokifanya, na ataomba yale mabaya yaondolewe. Kurasa mbili ameshaziweka mahali pake. Na kwa kuwa tunaishi mahali penye mtandao wa shida, ametuma kitabu chote kama faili moja, kikae ndani ya simu, kisomwe bila intaneti na bila tangazo lolote.

Nikafungua tovuti kuhakikisha. Baada ya ukurasa wa arobaini, katikati ya chapa ya zamani, ulikuwepo mwandiko wa baba mkwe wangu, mweusi na ulionyooka. Kwa muda wa mwezi mzima hakuna mgeni aliyeingia nyumbani bila kuonyeshwa. Mwuza samaki alionyeshwa. Fundi wa paa alishuka kwenye ngazi akaonyeshwa, na hajui Kiarabu hata alifu. Mume wangu alipompigia simu kutoka Palma, anakofanya kazi, mzee alimwambia kwanza habari za ukurasa wa arobaini na moja, ndipo akauliza afya yake.

Wifi yangu, ambaye naye alikuwa amejiwekea kizuizi baada ya majaribio yetu, alikiondoa kwenye simu yake kabla hajavuka kurudi Mtwara. Nilimwuliza kwa nini, baada ya kazi yote ile.

"Sioni vitenge vipya," akasema. "Matangazo yale ndiyo yanayonijulisha wenzangu wanauza nini. Mimi nayahitaji, wifi. Wewe zuia yako."

Madaftari ya mzee yalijaa matatu. Siku aliyomaliza, alinikuta nakuna nazi akasimama mlangoni.

"Wewe uliyenitafutia kitabu, unaweza kukisoma?"

"Herufi nazijua, baba. Sarufi siijui."

"Na ni mwalimu!" Akatikisa kichwa. "Kesho baada ya alasiri. Njoo na daftari."

Nimefika somo la sita. Ninachelewa kuelewa, na nikikosea anagonga meza kwa kalamu mara mbili, taratibu, kisha anaanza upya kutoka juu ya ukurasa.