Nyama ya harusi iliniandikisha mgonjwa wa figo, mama wa labo akakataa

Wakuu, salamu kutoka Kalemie. Haya yalinipata mimi mwenyewe enzi za Zaire, siongezi chumvi.

Nilikuwa kijana, fundi wa mashine. Nilikuwa nimepata kazi kwenye boti ya mizigo ya kwenda Moba na Uvira. Kilichobaki ni kupimwa na daktari tu, pamoja na damu.

Sasa wiki ileile dada yangu akaolewa.

Siku tatu ni nyama ya ng'ombe na mbuzi, asubuhi na jioni. Sisi watu wa ziwa tumezoea samaki, nyama ikija hatuna breki! Jua kali, nabeba viti, maji sikumbuki. Siku ya nne nikamalizia sufuria, nikaenda kutoa damu.

Majibu ya namba za figo: urea juu, kreatinini juu.

Daktari akaniambia, "Mafigo yako imeanza kuchoka. Kazi ya boti, hapana." Akaandika kwenye karatasi: hafai.

Wakuu, mjomba wangu alikufa kwa figo, amevimba kuanzia miguu mpaka uso. Nilipomwambia mama, alikaa chini sakafuni. "Tena mu nyumba yangu?"

Nikarudi labo, pale maabara, nikauliza kama damu haikuchanganywa na ya mtu mwingine. Aliyekuwa pale ni Mama Feza, mpimaji, mama mfupi wa sauti ya chini. Mwingine angenifukuza. Yeye akafungua rejista, akahakikisha.

"Damu ni yako, mwanangu. Lakini ulikula nini?"

Nikamweleza harusi yote. Akaweka kalamu chini.

"Nyama mingi inapandisha hizi namba mbili. Na mwili ukikosa maji, urea inazidi kupanda. Sisemi uko muzima. Nasema bado hatuyajua."

Akanishika mkono mpaka kwa daktari. Enzi zile mpimaji kumrudia daktari haikuwa kawaida.

Daktari akamwita kwa jina la heshima la enzi zile: "Citoyenne, unanifundisha kazi?"

"Hapana, Dokta. Naomba damu ingine tu."

Daktari akanipa siku tano nirudie kipimo.

Mama Feza akaniagiza: bugali, sombe ya majani ya muhogo, ndizi. Nyama hapana, samaki kidogo. Maji ninywe kama kawaida, na asubuhi ya kipimo nisile kitu. Mama yangu alilinda sahani yangu kama askari.

Damu ya pili: namba zote mbili zimeshuka, ziko sawa. Mkojo pia safi.

Daktari akasoma mara mbili, akachana karatasi ya kwanza. Akamwambia Mama Feza mbele ya wauguzi wote, "Ulikuwa na haki."

Naye akajibu, "Basi muandikie karatasi yake haraka, Dokta. Boti haitamungojea."

Kesho yake mama yangu alienda hospitali kumshukuru Mama Feza. Akamshika tu mikono yote miwili wakasimama hivyo.

Nimesafiri na boti miaka mingi na figo zangu mpaka leo hazijanisumbua.

Nilichojifunza: ukienda kutoa damu, sema ulikula nini, na uulize kama unatakiwa kufunga. Lakini nyama isiwe kisingizio cha kumkimbia daktari. Mjomba wangu aliumwa kweli. Namba ikipanda, rudia kipimo, usiende kulala nyumbani.

Wapimaji mliomo humu, heshima zenu. Na nyie wengine, nani aliwahi kuandikiwa ugonjwa kisha kipimo cha pili kikasema vingine? Leteni yenu, nasoma zote.