Barua Niliyompa Katekista

Mimi sijui kusoma. Rafiki yangu Alberi, fundi wa mashine za pamba aliyerudi kwao Ubelgiji, huniandikia Kifaransa, na katekista wetu hapa Kasongo hunisomea kwa Kiswahili. Nikaanza kumshuku. Karatasi imejaa, yeye anatoa maneno matatu, tena kila mara eti Alberi anamsalimu katekista.

Nikaenda Kabambare kwa siri, karani mmoja akaniandikia barua ya kumuuliza Alberi ukweli. Jibu lilipofika, furaha ikanipumbaza: nikampa katekista yuleyule asome, mbele ya watu waliotoka misa.

Akasoma polepole: "Unaniuliza kama katekista wako ni mwongo."

Alisoma barua yote, akaikunja.

"Sasa, ndugu yangu," akaniuliza, "tumujibu nini?"