Mtani Wangu na Dumu la Nyuma

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, na ya mama zao, na ya nyumba walizozaliwa. Siyaandiki. Wengine wako hai, na wajukuu zao hunipa shikamoo njiani. Nitasema mwanangu, nitasema mtani wangu, inatosha.

Mwanangu huyu ndiye kitinda mimba. Alikuwa fundi wa reli, akastaafu, akarudi nyumbani Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, na mgongo mbovu na hamu moja tu: boti. Si ya kuvulia, si ya biashara. Boti ya kukaa na kuzunguka majini kwa raha zake. Ilikuja juu ya lori la Mgeta lililokuwa limepeleka kabichi Dar, likawa linarudi tupu. Majani ya kabichi yalikuwa bado yamenasa ndani ya boti. Majirani walitoka kutazama, mmoja akaniuliza, "Bibi, mtaipandisha mlimani hiyo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Bwawa lilikuwepo, upande wa pili wa mji. Watu wa bustani humwagilia kwa maji yake, ng'ombe hunywa hapo. Kamati ya bwawa ilimkubalia mwanangu kwa sharti: boti isimwage mafuta majini, na dizeli iwe ya sheli, si ya madumu ya barabarani. Akivunja sharti, boti inatoka na hairudi tena. Alikubali mimi nikiwa nimekaa pale pale.

Basi jioni zikawa za habari za dizeli. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini mambo hayo niliyaelewa. Alinieleza kwamba yale matangi yanayopita barabara kuu kwenda nchi za jirani yamebeba mafuta yasiyolipiwa kodi ya hapa. Hayana vinasaba ambavyo serikali hutia kwenye mafuta yetu ili yatambulike. Madereva wengine huyanyonya njiani wakayauza, na kuyanunua ni kosa hata yakiwa safi. Na safi hayawi, maana wauzaji huyachakachua kwa mafuta ya taa. "Dizeli ina utelezi, mama. Utelezi ndio unaolinda pampu ya injini. Mafuta ya taa ni makavu, yanaisaga." Akaniambia na la maji: tangi la boti likilala nusu, hutoa jasho kwa ndani, na maji hukaa chini. Kwa hiyo alilijaza pomoni kila aliporudi, na dizeli mpya aliiacha kwanza itulie kwenye chupa nyeupe aone kama kuna maji.

Sasa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu wazee wetu wako juu kule Uluguru. Mtani huingia jikoni kwako akaondoka na kuku, nawe ukacheka. Kwenye msiba ndiye anayeosha maiti, na ndiye anayemsema marehemu vibaya mpaka wafiwa wasahau kulia. Huyu alimwosha mama yangu mzazi. Nilikuwepo. Alikuwa akimwambia, "Geuka huku, bibi mzito, ugali wote ule ulikuwa unakula peke yako?" huku machozi yanamtiririka mashavuni. Tangu siku ile nikimwona yeye ni kama namwona mama.

Alikuwa anauza dizeli kwa madumu upande wa Kingolwira, kwa wenye mashine za kusaga. Alituambia ana kibali na anachota sheli.

Ikafika Idi. Dada yangu mkubwa alishuka kutoka milimani, na mwanangu alikuwa ametuahidi sisi wawili, wazee ambao hatujawahi kukanyaga chombo cha majini, kwamba atatuzungusha. Tangi alikuwa amelimwaga ili alisafishe, na sheli ya karibu dizeli ikawa imekwisha. Mwanangu akasema tungoje kesho. Mimi nikasema, kwa nini, mtani si anachota sheli ile ile?

"Mama, una hakika?"

"Aliyemwosha bibi yako ndiye ataniuzia mimi uchafu?"

Alichukua chupa yake nyeupe. Tulipanda bajaji.

Mtani aliniona kwa mbali. "Wewe! Kumbe hujafa?"

"Nangoja utangulie wewe. Nikifa mimi nani atakuosha?"

"Mimi ninajiosha. Wewe ndiye maji ya mto mzima hayakutoshi!"

Akafungua dumu lililokuwa mbele. Nilichovya vidole nikavisugua: yanateleza. Nikanusa: dizeli. Mwanangu akatia kwenye chupa yake, akaitazama juani, ikawa safi. Hata hivyo nikamshika mtani mkono. "Utani weka pembeni. Ni ya sheli?"

Akajitanda kanga vizuri. "Wallahi, ya sheli. Ingieni ndani mnywe chai, nawafungia mimi mwenyewe."

Tukanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, nakumbuka.

Pale bwawani tulikaa ndani ya boti mimi na dada tumeshikana kama wasichana. Milima yetu ilikuwa imelala ndani ya maji, kichwa chini. Dada akasema, "Tazama, kwetu kumepinduka." Hatujamaliza kucheka, injini ikaanza kugonga, ikakohoa moshi mweupe, ikazima. Mwanangu alipofungua chujio, yalitoka mafuta yenye matone ya maji, na harufu iliyonijia ilikuwa ya koroboi ya utoto wangu. Mafuta ya taa. Yalimponyoka, yakamwagika majini, yakatanda rangi rangi kuelekea kwenye mfereji wa bustani.

Mwenyekiti wa kamati akaja na mtumbwi, akatuvuta hadi ukingoni. "Haya mafuta ya wapi?"

Mwanangu aliniangalia. Nikasema mwenyewe, "Ya dumu. Ya mtani wangu."

"Boti ni yangu, mwenyekiti," mwanangu akasema. "Usimuulize mama."

Boti ilitolewa siku hiyo hiyo. Mpaka leo iko uani kwetu, kuku wanatagia ndani. Mwanangu hajawahi kunilaumu. Jioni ile alinisogezea sahani tu, "Mama, kula."

Nilikwenda kwa mtani peke yangu. Aliponiona akaanza kucheka kabla sijakaa. "Nilikuonjesha la mbele, nikakufungia la nyuma! Mtani, umeliwa!"

"La nyuma lilitoka wapi?"

"Kwenye matangi ya barabarani, likaongezwa mafuta ya taa kidogo. Hayo ndiyo yenye faida."

"Uliniapia."

"Nilimwapia mtani. Tangu lini mtani akakasirikiwa?"

Na ni kweli, mtani hakasirikiwi. Hapo ndipo aliponimaliza. Angekuwa mfanyabiashara wa kawaida, ningemshtaki, ningepiga kelele sokoni. Yeye alijificha ndani ya kitu kile kile kilichomfanya amwoshe mama yangu, akijua humo sitamfuata. Niliaga nikatoka.

Kaka yake alifariki mvua zilipoanza. Ukoo wetu wote ulikwenda, maana ndio watani wa msiba. Wenzangu walilala njiani kuzuia jeneza, wakadai walipwe kuku ndiyo wapishe. Wafiwa wakacheka, wakalia, wakacheka. Watu walikuwa wananingoja mimi. Kwa kumsema marehemu mimi ndiye ninayejulikana, na yule marehemu alikuwa bahili, maneno yalikuwa yananijia yenyewe.

Nilikaa mkekani na wageni wa mbali. Mtani akaja, macho yamevimba, akachuchumaa mbele yangu.

"Mtani, mbona kimya? Hujamwambia chochote. Mwambie alikuwa mchoyo. Mwambie, wewe."

Nilimpa mkono kama anavyopewa mfiwa yeyote.

"Pole kwa msiba, dada," nikasema.

Hatujawahi kuitana dada. Alibaki ameushika mkono wangu, akingoja niseme na jingine.