Nilitangaza saa sita ili waje saa nane, klabu ya shabaha ikahama shambani kwangu

Wakuu, salamu kwenu, mlioko nyumbani na sisi tuliotapakaa huku mbali.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye hadithi.

Vuteni kiti, si fupi.

Mimi ni Mtanzania, niko Sydney miaka kumi na kitu sasa. Kabla ya hapo nilikuwa Kariakoo nauza viatu vya mtumba, kwa hiyo mnajua mnaongea na mtu wa aina gani. Sijawahi kulipa bei ya kwanza tangu nizaliwe. Hata daktari wa meno wa hapa nilimwomba apunguze.

Akapunguza.

Mimi na mke wangu, Mama Neema, tulikodi shamba kule mbele ya Campbelltown. Ukishuka kwenye treni bado una mwendo mzuri tu wa gari. Tukaweka mbuzi, maana Waafrika wa Sydney hawafanyi jambo bila mbuzi. Ubatizo mbuzi, mahari mbuzi, mtoto kamaliza chuo mbuzi.

Mimi niliendelea na forklift yangu warehouse. Mama Neema yeye aliacha kabisa kazi ya kutunza wazee pale Macquarie Fields, akahamia kwenye gumboot. Akapanda mchicha, matembele, mahindi ya kuchoma. Kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii nilimsikia anaimba akiwa kazini.

Hilo la kuimba lishikeni, nitalirudia.

Sasa, mwenye shamba ni bibi mmoja wa Kizungu. Akapandisha kodi. Akasema bila kuzunguka kwamba mkataba ukiisha na hamuwezi, kuna mtu wa farasi analisubiri. Mbuzi peke yao wasingeweza kulibeba shamba. Ikabidi tutafute kitu cha pembeni.

Ndipo akaingia Graham.

Graham ni jirani, mashamba yetu yametenganishwa na senyenge tu. Mzungu wa makamo, kofia haitoki kichwani, maneno yake unaweza kuyahesabu. Yeye na wenzake ni watu wa kulenga shabaha, na walikuwa wanaendesha gari mbali sana kwenda kupiga. Siku moja alikuja kununua mbuzi, akasimama anaangalia bonde langu lenye kilima nyuma yake. Akasahau hata mbuzi.

Akasema, "Hapa panafaa klabu."

Kwa msiojua: huku bunduki huinunui kama jembe. Kuna leseni, kuna kabati la chuma, kuna polisi anakuja kukagua hilo kabati. Na wengi wanaotaka leseni kwa ajili ya shabaha lazima wawe kwenye klabu. Klabu inataka ardhi. Ardhi ninayo mimi. Nikajiona nimekaa mlangoni mwa duka.

Bibi mwenye shamba akakubali. Vibali vya council na polisi vilituchukua muda mrefu, sitawachosha. Kazi kubwa ilikuwa tuta la udongo nyuma ya shabaha, la kumeza risasi. Hilo tulilijenga mimi na rafiki yangu Papa Merveille, Mkongo wa Kivu, fundi wa kuendesha mashine ya kuchimbia tuliyoikodi. Mtu wa roho safi. Lakini bunduki alikataa hata kuigusa.

Nikamwambia, Papa, jiandikishe, jaribu hata mara moja.

Akaniangalia. "Ndugu yangu, ile mulio miye nilisikiaka bure kule kwetu. Sasa nilipe franga juu ya kuisikia tena?"

Sikumwambia tena.

Sasa hapa ndipo penye mfupa wa mambo, someni polepole.

Klabu huku si mali ya mwenye shamba. Ni ya wanachama, kila mtu kura moja, na faida haigawanywi. Mwenye uwanja analipwa pango la uwanja, basi, na wanachama wakitaka kuhama wanahama. Wengine wangeogopa. Mimi nikaona hiyo ni bei ya kwanza tu.

Nikakaa na Graham mezani kwangu tupatane katiba ya klabu, chai na maandazi katikati.

La kwanza, nikataka mwanachama asiyepiga bunduki naye awe na kura. Graham akakuna kofia, akakubali. Nikawaandikisha watu wetu: wa kanisani, wa chama cha kufa na kuzikana, Wakongo, Wakenya, Watanzania. Watu thelathini na wanne, pamoja na mimi, Mama Neema na Papa Merveille, wengi wao hawajui hata risasi inaingilia wapi. Wazungu walikuwa kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili.

La pili ni akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili kikao kiwe halali. Graham alitaka nusu ya wanachama. Nikacheka. Nusu ya watu wetu, Jumapili mchana, baada ya kanisa? Hatutakaa kikao hata kimoja mpaka Yesu arudi. Nikasema kumi. Akasema ishirini. Tukaishia kumi na tano.

Nilimpa mkono nikijua nimemla mzima.

Klabu ikaanza, wakuu, na ikaenda. Jumamosi magari yamejipanga, pango la uwanja linaingia, wazungu wakimaliza kupiga wananunua mayai na mahindi ya Mama Neema. Shamba likaanza kupumua.

Tatizo likawa mbuzi. Mbuzi wangu walilipenda lile tuta. Kila mbuzi akipanda, bendera ya kusimamisha upigaji inapandishwa, bunduki zote zinawekwa chini, watu wazima na leseni zao wanasimama kusubiri beberu amalize kutafakari. Nilijenga uzio. Mbuzi wakaupitia.

Hatimaye ikaja email ya mkutano mkuu wa wanachama. Jumapili, saa nane mchana, shambani kwangu. Ajenda ya tatu: klabu ihamie kwa Graham. Mke wake alikuwa anaogopa kelele, sasa amezizoea. Na kwake hakuna mbuzi.

Alinifuata yeye mwenyewe kwenye senyenge, akaniambia usoni, kwa lile neno lao la kumwita rafiki: "Sio ubaya, mate. Watakachoamua wanachama."

Nikamjibu sawa kabisa. Moyoni nikasema thelathini na wanne.

Nikapiga simu mtu mmoja mmoja. Nikawaeleza klabu ikiondoka shamba limeondoka. Na kwa kuwa nawajua watu wetu, sikuwaambia saa nane. Niliwaambia saa sita kamili, ili saa nane wawe wamekaa. Mama Neema alinisikia kwenye simu.

"Baba Neema, kwa nini usiwaambie saa yenyewe?"

Nikamwambia biashara ya watu hujui.

Siku ikafika. Saa sita, mbuzi na mimi. Saa saba akafika Papa Merveille, yeye alikuja kunisaidia kupanga viti. Saa nane kasoro robo wazungu kumi na wanane wameshakaa, kila mmoja na chupa yake ya maji.

Napiga simu. "Tuko njiani." Wakuu, sote tunajua njiani ni wapi. Nyuma ya simu nasikia maji ya kuoga.

Saa nane kamili Graham akasimama. Nikamwomba tusubiri kidogo. Akauliza kwa upole katiba inasema watu wangapi. Kumi na tano. Akawahesabu kwa kidole.

Nikaona nicheze karata ya mwisho. Nikasema kwetu kikao hufunguliwa kwa sala. Wakavua kofia, hata Graham, nikajua kumbe ana upara.

Nikaomba. Nikashukuru kwa mvua. Nikaombea serikali ya huku na ya nyumbani. Nikaombea wagonjwa, wajane, wasafiri, hasa wasafiri walioko njiani muda huu. Jicho moja liko barabarani. Vumbi hakuna. Nikaombea mifugo. Mama Neema akanivuta shati. Nikawa naingia kwenye wamisionari, Graham akasema "Amen" kwa sauti, na wenzake wote wakamdakia.

Ajenda ya tatu ilichukua muda mfupi kuliko sala. Mikono ya kuhama, kumi na nane. Ya kubaki, mimi, Mama Neema na Papa Merveille.

Nilihesabu mara mbili.

Nikapinga kwamba wengi hawapo. Graham akanijibu bila kejeli yoyote, na hilo ndilo liliniuma zaidi: "Hiyo akidi ulinishusha wewe mwenyewe."

Saa kumi, msafara ukaingia. Honi, vitenge, spika, sufuria mbili za pilau. Mama Wanjiru, nurse wa Kenya anayekaa Lidcombe, akashuka wa kwanza na sufuria kichwani.

"Haya, tumefika! Kura ni wapi?"

Nikamwambia imeisha.

"Imeisha aje? Si ulisema saa sita?"

Nikamwambia sasa ni saa kumi, mama.

"Eeh, na sisi tunakujua! Wewe mbuzi ya mia mbili unaitisha mia nne ndio tushushe. Ukisema saa sita, tunajua ni saa nane. Na saa nane ya Mwafrika si ni saa kumi?" Akageukia wenzake. "Nimekosea?"

Hakuna aliyesema amekosea. Watu thelathini na mmoja, wote walikuwa wamepiga hesabu ileile, kila mtu kivyake, bila kuulizana. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia.

Binti yangu Neema, ambaye hakuwa ameinua macho kwenye simu yake tangu asubuhi, akasema, "Dad, you could've just said two."

Pilau ililiwa. Wazungu walikula, Graham alirudia. Aliisifu.

Mtu wa farasi anaingia mwisho wa mwezi ujao. Mama Neema ameshapata shift pale pale kwa wazee wake. Hajanilaumu hata siku moja. Jana alikuwa anang'oa matembele ili akapande kwenye ndoo, nikamsogelea kumsaidia. Akasema tu, "Acha, nitamaliza." Haimbi.

Klabu bado inasubiri vibali vya kwa Graham, lakini tuta lake limeshasimama. Tuta langu lipo, mbuzi wanashinda juu yake kutwa nzima, na hakuna anayewapandishia bendera.

Nilichojifunza si kwamba wazungu ni wabaya. Ningependa iwe hivyo, ingenipunguzia. Nimejifunza kwamba ukimzoesha mtu kwamba neno lako lina punguzo, atalipunguza hata siku unayolia. Na mnaotaka kuanzisha klabu yoyote huku, iwe ya bunduki, ya mpira au ya kusali, akidi iwekeni juu. Mkishindwa kufikisha watu, mtaahirisha. Tungeahirisha, leo ningekuwa bado na shamba.

Semeni mnachotaka hapo chini, hata wa kunicheka waje, nimeshakaa. Ila mwenye kusema angefika saa sita, aseme kwanza leo kanisani alifika saa ngapi.

Na kwa mlioko Sydney, nauza mbuzi wote waliobaki kabla sijakabidhi shamba. Mia mbili kila mmoja, dume na jike. Sijapandisha hata dola. Ndiyo bei ya kwanza na ndiyo ya mwisho.

Tangazo hilo hilo niliweka asubuhi kwenye group la kanisa. Wa kwanza kujibu ni Mama Wanjiru.

"Mia moja."